Jinsi ya Kuifuata Safari ya Binadamu Angani kwa Macho Yako Mwenyewe

Watu wengi wanaoanza kujifunza habari za anga huanzia mbali mno. Husoma kuhusu mashimo meusi na mlipuko mkuu wa mwanzo kabla hawajaweza kuitambua sayari ya Mshtarii ikiwa mbele ya macho yao, na kwa sababu hiyo maajabu ya ulimwengu hubaki kwao kuwa maneno ya kusomwa tu. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unaanza na kile ambacho binadamu amekijenga na anakikalia hivi sasa, kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu. Kisha unasogea hadi Mwezini, ambako watu kumi na wawili walitembea. Kisha kwenye sayari ambako tumetuma mitambo isiyo na watu. Na hatimaye kwenye nyota na galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, ambako hata mitambo yetu haijafika. Ukifuata mpangilio huo, kila umbali unaoufikia utakuwa na kipimo cha kuulinganisha nacho, na utaelewa kwa nini safari ya Mirihi ni jambo zito kuliko safari ya Mwezini, jambo ambalo picha pekee haziwezi kulifundisha.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Macho yanatosha kwa sehemu kubwa ya mambo yaliyoelezwa hapa, na kwa yaliyobaki inatosha darubini ndogo ya mkononi, ile ya macho mawili, hasa iliyoandikwa 7×50 au 10×50, ambapo namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Simshauri anayeanza kununua mapema darubini kubwa ya kusimamishwa, kwa kuwa huonyesha kipande kidogo mno cha anga, na asiyezijua njia za mbinguni hupotea humo, akakata tamaa. Onyo moja lazima litangulie mengine yote: usielekeze darubini ya aina yoyote kwenye Jua wala karibu nalo, kwa maana mwanga uliokusanywa na kioo huliunguza jicho kwa muda mfupi sana, na sehemu ya ndani ya jicho inayoungua haina hisia ya maumivu ya kukuonya.

Nyumba iliyo kilomita 400 juu

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilianza kujengwa tarehe 20 Novemba 1998, Urusi iliporusha sehemu yake ya kwanza iitwayo Zarya, na tangu tarehe 2 Novemba 2000, walipoingia humo William Shepherd, Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev, hakijawahi kuwa kitupu hata siku moja. Kina urefu wa mita 109 kutoka ncha hadi ncha na uzani wa takribani tani 420. Kinaizunguka Dunia kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, kikikamilisha mzunguko mmoja kwa dakika zipatazo 93, na njia yake imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, hivyo hupita juu ya vichwa vya wakazi wa sehemu zote zilizo kati ya latitudo hiyo upande wa kaskazini na latitudo hiyo hiyo upande wa kusini. Sehemu kubwa sana ya watu wa dunia wanaishi ndani ya ukanda huo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanaweza kukiona bila kifaa chochote.

Hata hivyo hakionekani kila kinapopita. Kituo hakina taa inayoweza kutufikia. Tunachokiona ni mwanga wa Jua unaoakisiwa na mwili wake na mabawa yake makubwa ya paneli za sola. Ili uone nuru hiyo, ni lazima mahali uliposimama pawe na giza huku kituo, kwa kuwa kiko juu, kikiwa bado kinamulikwa na Jua. Masharti hayo mawili hutimia pamoja katika muda wa kama saa moja na nusu baada ya Jua kuzama, na muda kama huo kabla halijachomoza. Usiku wa manane kituo nacho kinakuwa ndani ya kivuli cha Dunia, isipokuwa kwa wanaoishi mbali sana na ikweta wakati wa majira yao ya kiangazi. Kwa sababu njia yake inajigeuza kidogo kila siku, utakiona jioni kwa siku kadhaa mfululizo, kisha kitapotea, kisha kitarudi katika nyakati za alfajiri. Kutokiona kwa wiki moja au mbili ni jambo la kawaida.

Kazi ya kwanza, basi, ni kupata ratiba. NASA, shirika la anga la Marekani, ina huduma ya bure iitwayo Spot the Station, na tovuti ya Heavens-Above nayo hutoa ratiba bila malipo. Zote mbili hutaka uonyeshe mahali ulipo kisha hukupa orodha ya mapito ya siku zijazo. Hakikisha umeangalia kama saa zilizoandikwa ni za eneo lako au ni za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa sababu kosa hilo moja ndilo huwanyima wengi mandhari yote. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 19:12 ni saa moja na dakika kumi na mbili usiku. Usiridhike na ratiba ya wiki iliyopita pia, kwa kuwa kituo husukumwa juu mara kwa mara na injini ili kurudisha kimo kinachopotea kwa msuguano wa hewa nyembamba iliyoko huko, na kila kinaposukumwa saa za mapito hubadilika.

Katika kila pito utapewa mambo matatu yanayostahili kueleweka. La kwanza ni mwelekeo, ambao huhesabiwa kwa nyuzi kuanzia kaskazini: 0 ni kaskazini, 90 ni mashariki, 180 ni kusini na 270 ni magharibi. La pili ni kimo juu ya upeo wa macho, ambapo 0 ni pale mbingu zinapokutana na ardhi na 90 ni utosini. Nyosha mkono wako mbele na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo angani ni takribani nyuzi 10, na vidole vitatu vya katikati vikiwa pamoja ni karibu nyuzi 5, kwa hiyo kituo kinachotarajiwa kufika nyuzi 40 kitapita ngumi nne juu ya upeo wa macho. La tatu ni mwangaza, unaopimwa kwa magnitudo, ambapo namba ikiwa ndogo nuru inakuwa kali, na namba hasi ni kali zaidi. Katika pito zuri kituo hufika magnitudo -3 au hata kupita hapo, na wakati huo hushindana na Zuhura. Kwa mara ya kwanza chagua pito linalozidi nyuzi 40, lenye namba hasi. Mapito ya chini yanafichwa na majengo na miti, tena kituo kikiwa chini huwa mbali sana na nuru yake hupungua.

Toka nje dakika kumi kabla, ujue magharibi yako iko wapi, na usimame mahali ambapo upande huo uko wazi. Kituo hutokea upande wa magharibi kwa jumla, iwe kusini-magharibi, magharibi kabisa au kaskazini-magharibi, na huelekea upande wa mashariki. Utaona kinukta kinachosogea bila kumeta na bila sauti. Ukiona taa nyekundu, kijani au nyeupe inayowaka na kuzima, hiyo ni ndege. Ukiona vinukta vingi hafifu vimefuatana mstari mmoja, hizo ni setilaiti za Starlink, za huduma ya intaneti, zilizorushwa karibuni. Kituo kikiwa chini magharibi kiko umbali unaoweza kuzidi kilomita 2,000 kutoka kwako, na kinapofika utosini kimebaki kilomita 400, ndiyo maana kinazidi kung'aa kadiri kinavyopanda na kuonekana kama kinaongeza kasi, ingawa kasi yake haibadiliki. Pito zima huchukua dakika sita hivi kwa pito lililo refu.

Katika mapito ya jioni usiache kukifuata kinaposhuka mashariki. Mara nyingi, kabla hakijafika upeo wa macho, utakiona kikififia ndani ya sekunde chache, pengine kikigeuka rangi ya machungwa, kisha kikatoweka katika anga isiyo na wingu hata moja. Hapo kimeingia katika kivuli cha Dunia, na waliomo ndani wameona Jua likizama, mojawapo ya machweo kumi na sita wanayoyapata kila siku. Alfajiri mambo huwa kinyume: kinaweza kuzuka ghafla katikati ya mbingu, kikitoka kivulini. Mimi naona kwamba dakika hiyo ya kufifia ndiyo somo bora zaidi la pito zima, kwa sababu unakishuhudia kivuli cha sayari yako mwenyewe mahali kilipo, kikinyooka angani upande usio na Jua.

Ukiwa unakitazama, fikiri ni nini kinachokizuia kisianguke. Watu wengi wanaamini kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya mvutano, na imani hiyo si sahihi. Kwenye kimo cha kilomita 400 mvutano wa Dunia bado una karibu asilimia 90 ya nguvu uliyo nayo hapa chini. Kituo kinaanguka, na kinaanguka wakati wote. Katika sekunde moja hushuka takribani mita 4.3 kuelekea ardhini, kama kitu kingine chochote kilichoachiwa kwenye kimo hicho. Lakini katika sekunde hiyo hiyo kimekwenda mbele karibu kilomita 7.7, na kwa umbali huo uso wa Dunia, kwa kuwa ni wa mviringo, umejipinda chini kwa mita 4.3 pia. Kwa hiyo kimo chake hakipungui. Waliomo ndani wanaanguka pamoja na kuta, meza na maji yao, kwa mwendo uleule, na ndipo kila kitu huonekana kuelea. Ukilielewa jambo hili moja umeshaelewa kwa nini Mwezi hautuangukii na kwa nini sayari hazilipigi Jua, kwani kanuni ni ile ile.

Hali hiyo ya kuanguka daima ina gharama kwa mwili. Mfupa usiobeba uzito hupungua, hasa wa nyonga, kwa kiasi cha asilimia moja au zaidi kwa mwezi kama hakuna hatua inayochukuliwa, na ndiyo sababu kila mwanaanga hutumia karibu saa mbili kwa siku katika mazoezi. Maji ni machache, kwa hiyo jasho, mvuke wa pumzi na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo katika kituo cha Kirusi cha Mir mwaka 1994 na 1995, na muda huo hadi leo ndio mrefu kuliko wote kwa safari moja. Nakusihi, kabla ya kutoka nje, utafute majina ya watu waliomo kituoni siku hiyo, kwa kawaida saba, na kazi wanazozifanya. Kinukta kile hakibaki kuwa kinukta tena mtu anapojua nani amelala humo na nani yuko zamu.

Mwenye redio inayopokea masafa ya VHF anaweza kusikiliza kwenye 145.800 MHz, ambako mara kwa mara wanaanga huzungumza na wanafunzi wa shule kituo kinapopita juu yao. Kwa picha, ifunge simu au kamera mahali isipotikisika, uelekeze pale kitakapopita, na uache lenzi wazi sekunde 10 hadi 30. Kituo kitachora mstari mweupe kati ya nyota. Ukishakizoea, tafuta ratiba ya Tiangong, kituo cha China ambacho sehemu yake ya kwanza, Tianhe, ilirushwa tarehe 29 Aprili 2021. Ni kidogo, na nuru yake ni hafifu kiasi, lakini nacho kinaonekana bila darubini kwa walio kati ya latitudo za nyuzi 41.5 kaskazini na kusini, na hata mbele kidogo ya hapo. Usiahirishe mambo haya sana, kwa maana mipango iliyopo ni kwamba Kituo cha Kimataifa kitashushwa kwa utaratibu na kuangukia sehemu ya bahari ya Pasifiki iliyo mbali na makazi ya watu, baada ya mwaka 2030.

Mwezi, na mahali palipokanyagwa

Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu kwa wastani, yaani karibu mara elfu moja ya umbali wa kituo. Tangu Yuri Gagarin alipoizunguka Dunia kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961, mamia ya watu wamefika angani, lakini ni kumi na wawili tu waliokanyaga Mwezi, wote kati ya Julai 1969 na Desemba 1972.

Usiutazame ukiwa mpevu. Mwezi mpevu umemulikwa kutoka usawa wa macho yetu, kwa hiyo milima yake haitoi kivuli tunachoweza kukiona na uso mzima huonekana bapa. Wakati mzuri ni kuanzia siku ya nne hadi ya tisa baada ya mwezi kuandama, na mahali pa kutazama ni kwenye mstari unaotenganisha mwanga na giza. Huko Jua ndiyo kwanza linachomoza, vivuli ni virefu, na kila kilima na ukingo wa shimo husimama wazi hata kwa darubini ya mkononi. Egemeza viwiko vyako ukutani au juu ya kiti ili mikono isitetemeke.

Ili kuipata sehemu walipotua Neil Armstrong na Buzz Aldrin tarehe 20 Julai 1969, wakati Michael Collins akiuzunguka Mwezi peke yake, tazama nusu ya Mwezi iliyoelekea Jua lilikozama. Karibu na ukingo wa nje utaona doa dogo jeusi la mviringo, Mare Crisium. Ukisogea kutoka hapo kuelekea katikati ya uso wa Mwezi, unaingia katika doa kubwa zaidi, nalo ndilo Bahari ya Utulivu, ambayo haina maji bali ni tambarare ya lava, yaani miamba iliyoyeyuka, iliyoganda zamani sana. Walitua kwenye pembe yake iliyo jirani na katikati ya uso wa Mwezi, karibu na ikweta ya Mwezi. Siku ya tano au ya sita baada ya mwezi kuandama Jua huwa linachomoza hapo. Hiyo ndiyo hali ya mwanga waliyoichagua walioipanga safari: safari yao, Apollo 11, ilitua Jua likiwa nyuzi 10 hivi tu juu ya upeo wa macho wa Mwezi, ili vivuli virefu vimwonyeshe rubani mawe na mashimo ya kuepuka. Vivuli vinavyokusaidia wewe kuona ndivyo vilivyomsaidia Armstrong kutua.

Mashine zilizoachwa huko hazionekani kutoka duniani kwa darubini yoyote, hata Hubble, darubini kubwa inayoizunguka Dunia. Kitako cha chombo cha kutulia kina upana wa mita chache tu, na kwa umbali ule kitu kidogo zaidi ambacho Hubble inaweza kukitofautisha kina upana wa makumi ya mita. Anayetaka kuviona atafute picha za chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka 2009 na ambacho kimepiga picha za mahali pote sita walipotua watu, zikiwa na njia za nyayo zilizobaki mavumbini. Vioo vya kurudisha mwanga vilivyowekwa na Apollo 11, 14 na 15 bado vinatumika: wanasayansi hurusha mwale wa leza, nao hurudi baada ya sekunde 2.5 hivi, na kwa kupima muda huo imejulikana kwamba Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Siku moja au mbili baadaye mstari wa mwanga hufika kwenye Milima ya Apenini, safu iliyojipinda kwenye ukingo wa tambarare nyingine nyeusi, Mare Imbrium, ambayo kwa darubini ya mkononi ni miongoni mwa mandhari nzuri kuliko zote Mwezini. Chini ya milima hiyo David Scott na James Irwin waliendesha gari la kwanza la Mwezini, Julai na Agosti 1971.

Sayari, ambako mitambo imetutangulia

Sayari hutambulika kwa kuwa nuru yake imetulia kuliko ya nyota na kwa kuwa hufuata njia ile ile inayofuatwa na Jua na Mwezi. Programu ya bure iitwayo Stellarium itakuonyesha ni ipi inayoonekana leo.

Mirihi ndiyo inayomhusu zaidi anayefikiria safari za binadamu. Umbali wake kutoka kwetu hubadilika kati ya kilomita milioni 55 na milioni 400, na kila baada ya miezi 26 hivi Dunia huipita, ikang'aa nyekundu usiku kucha kwa wiki kadhaa. Hali hiyo ilitokea Januari 2025 na itarudi Februari 2027. Mzunguko huo ndio unaopanga pia safari, kwa sababu vyombo hurushwa miezi michache kabla ya sayari mbili kukaribiana, na atakayekosa nafasi hiyo hungoja miaka miwili na zaidi. Apollo 11 ilifika Mwezini kwa siku nne. Chombo cha Mirihi huchukua miezi sita hadi tisa. Ujumbe wa redio kwenda Mwezini hufika kwa sekunde 1.3, ilhali kwenda Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kwa hiyo watu watakaofika huko hawataweza kuuliza swali la dharura na kujibiwa papo hapo. Perseverance, gari lililotua katika bonde la Jezero tarehe 18 Februari 2021, lilitua likijiongoza lenyewe kwa sababu hiyo.

Mshtarii nao, hata kwa darubini ya mkononi, huonyesha vinukta vinne vidogo vilivyopangana mstari mmoja kandoni mwake. Hiyo ni miezi aliyoiona Galileo mwanzoni mwa mwaka 1610. Rudi kesho yake utazikuta nafasi zao zimebadilika. Mmoja wao, Europa, una bahari chini ya barafu yake kwa ushahidi uliokusanywa hadi sasa, na chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika huko mwaka 2030.

Mbele ya mahali tulipofika

Kitu kilichokwenda mbali kuliko vyote tulivyotengeneza ni Voyager 1, iliyorushwa tarehe 5 Septemba 1977. Sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu na ujumbe wake huchukua zaidi ya saa 22 kutufikia. Kwa kasi yake ya kilomita 17 kwa sekunde, ingehitaji takribani miaka 75,000 kumaliza umbali uliopo kati yetu na Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, iliyo miaka ya nuru 4.2 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja). Kuanzia hapa, basi, safari inaendelea kwa mwanga tu, nasi tunaukusanya.

Ni haki kutaja kwamba hata kazi hiyo ya kukusanya mwanga iliwahi kuokolewa na mikono ya wanaanga. Darubini ya Hubble iliporushwa Aprili 1990, iligundulika kwamba kioo chake cha mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na picha zake zilitoka na ukungu. Desemba 1993 wanaanga walitoka nje ya chombo chao mara tano katika safari moja, wakaiwekea vifaa vya kusahihisha kosa hilo, na baada ya hapo ilihudumiwa tena mara nne hadi Mei 2009. Wanaoishi karibu na ikweta wanaweza kuiona Hubble yenyewe ikipita jioni, kwa ratiba zile zile za Heavens-Above. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na hakuna mwanaanga anayeweza kwenda kuitengeneza.

Kwa jicho lako anza na kundinyota la Jabari, linalojulikana pia kama Orion, ambalo huonekana nyakati za jioni kuanzia Desemba hadi Machi. Zitafute nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, kisha safu fupi ya nyota hafifu iliyo pembeni mwa hizo. Katikati ya safu hiyo, darubini ya mkononi huonyesha doa lenye ukungu. Hilo ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, na mwanga unaokufikia uliondoka huko miaka ipatayo 1,350 iliyopita. Katika msimu huo huo tazama Kilimia, ambacho macho huhesabu nyota sita au saba na darubini huonyesha makumi.

Kitu cha mbali zaidi ambacho watu wengi wanaweza kukiona bila kifaa ni galaksi ya Andromeda, iliyo miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka kwetu. Kwa walio kaskazini mwa ikweta, na hata kusini kidogo, nyakati zake za jioni ni Oktoba hadi Desemba: pembe iliyochongoka zaidi ya Cassiopeia, kundinyota lenye umbo la herufi W, huelekeza upande wake. Walio kusini zaidi wanayo Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, na katika lile kubwa, lililo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka kwa nuru iliyotosha kuonekana bila darubini.

Vitu hafifu namna hii vinadai utaratibu. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu, kwa kuwa mwangaza wake mmoja huirudisha kazi yote mwanzo, na ukihitaji taa tumia nyekundu iliyofifia. Usikazie macho moja kwa moja mahali kitu kilipo. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu ukingo wa jicho huhisi mwanga hafifu kuliko katikati yake. Doa la Andromeda ambalo halikuonekana litajitokeza, refu kidogo na lisilo na kingo. Lisipojitokeza, rudi katika siku zilizo karibu na mwezi kuandama, wakati ambapo Mwezi hauna nuru ya kulifunika, na uchague mahali palipo mbali na taa za mji.